Shajara ya mradi: jagi lililozaa madume

Kabla ya kuanza

Wiki mbili nzima zimeishia kwenye kuandika swali. La kwanza lilikuwa: "Je, dawa za wadudu zinazoiga homoni zina madhara kwa uzazi wa krasteshia wa maji baridi?" Profesa alilisoma mara moja, akalikata kwa kalamu. "Madhara gani, kwa uzazi wa nani, kwa kipimo gani?" Nikarudi kukaa. Lililokubaliwa ni hili: kiroboto wa maji akilelewa ndani ya piriproksifeni, mojawapo ya dawa hizo, kidogo mno, kiasi cha kutomuua, atazaa watoto wangapi, na watakuwa wa jinsia gani?

Kile kipande cha mwisho cha swali nusura nikisahau nikiwa kazini, kama itakavyoonekana huko mbele.

Kwa atakayerithi meza yangu bila kuwahi kumfuga mnyama huyu, maelezo machache. Kiroboto wa maji ni krasteshia mdogo, jamaa ya kamba na kaa. Spishi yetu ni Daphnia magna. Jike aliyekomaa hufikia milimita 5 hivi. Inua kikombe kwenye mwanga utamwona akirukaruka majini, na kwa kuwa mwili wake ni kama kioo, ya ndani yote yako wazi: moyo unadunda, utumbo umejaa kijani cha mwani, na mgongoni kuna kifuko ambamo mayai hulelewa mpaka watoto wawe tayari kuogelea.

Mambo yakiwa mazuri, jike hana haja na dume. Hutaga mayai yasiyorutubishwa, nayo hutoa majike watupu, nakala ya mama yao, kundi jipya kila baada ya siku 3 hivi. Chakula kikiadimika, wakibanana, siku zikifupika, ndipo mama huanza kuzaa madume. Baadaye baadhi ya majike hutengeneza mayai ya namna nyingine, yanayohitaji kurutubishwa, nayo hufungwa ndani ya ganda gumu jeusi lenye umbo la tandiko la farasi. Ganda hilo huzama kwenye tope na kungoja, hata miaka, mpaka maji yatengemae. Kwa hiyo katika ukoo huu kuzaliwa kwa dume ni taarifa kwamba mama ameona hatari.

Taarifa hiyo husafiri ndani ya mwili wa mama kwa homoni iitwayo methili fanesoati. Hapo ndipo dawa inapoingilia. Wadudu wana homoni yao ya utoto, ile inayomzuia kiwavi asikomae kabla ya wakati wake. Aina yake iliyo ya kawaida kuliko zote inatofautiana na methili fanesoati kwa atomu 1 tu ya oksijeni. Watengenezaji wa dawa kama methopreni, fenoksikabu na piriproksifeni walilenga kumdanganya mdudu kwamba bado ni mtoto, ili mbu afie ndani ya bundo lake asitoke na mabawa. Ufunguo waliouchonga kwa kufuli la mdudu unaingia pia kwenye kufuli la krasteshia. Mwaka 2002 watafiti Allen Olmstead na Gerald LeBlanc walionyesha kwamba methili fanesoati ndiyo inayoamua dume katika Daphnia magna, na mwaka 2003 makundi mawili tofauti, moja Marekani na jingine Japani, yalichapisha kwamba dawa hizi nazo huzalisha madume. Kwa hiyo sivumbui kitu. Ninachotaka ni kujua, kwa mikono yangu, kipimo kile ambacho idadi ya watoto bado inaonekana nzuri ilhali jinsia imeshapinda.

Siku ya 0, Jumatatu

Vikombe 70. Vipimo 5 vya dawa, kundi 1 la maji matupu, na kundi 1 la maji yenye asetoni bila dawa, kwa sababu dawa huyeyushwa kwanza kwenye asetoni na lazima tujiridhishe kwamba asetoni yenyewe haina neno. Kila kundi vikombe 10, kila kikombe mtoto 1 wa kike asiyefikisha saa 24 tangu azaliwe. Tunafuata Mwongozo namba 211 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo): siku 21, nyuzi 20, taa saa 16 na giza saa 8, maji yabadilishwe angalau mara 3 kwa wiki.

Vipimo ni nanogramu 10, 32, 100, 320 na 1,000 kwa lita. Hicho kikubwa ni sawa na kutia miligramu 1 kwenye tangi la lita 1,000. Mwenzangu wa meza ya pili aliona orodha akacheka: "Hiyo ni dawa, au ni harufu ya dawa?" Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linakubali piriproksifeni itiwe hata kwenye vyombo vya maji ya kunywa ili viluwiluwi wasiwe mbu, mradi isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Hizo ni nanogramu 10,000, mara 10 ya kikombe changu kikali kuliko vyote. Kwa mnywaji wa maji kipimo hicho kiko mbali na hatari. Kiroboto wa maji hakuulizwa.

Siku ya 4

Wote hai. Wamejivua magamba, maganda yanaelea kama vivuli vyao. Mwani umekolea kuliko nilivyotaka, nimepunguza.

Siku ya 7

Mama wa kikombe cha 3, kundi la nanogramu 32, amekufa. Nadhani nilimbana na mdomo wa pipeti. Nimeandika hivyo hivyo daftarini: "huenda ni mimi."

Siku ya 9

Watoto wa kwanza! Nilifika mapema nikakuta vikombe vimechangamka, chembe nyeupe zinarukaruka pembeni mwa mama zao. Nikakaa na kibonyezo cha kuhesabia, kikombe baada ya kikombe, kwa saa 4. Maji matupu: wastani wa watoto 9 kwa kila mama. Nanogramu 10 na 32: hakuna tofauti ya kutajwa. Nanogramu 100: 8 na ushei. Nanogramu 320: pungufu kidogo. Nanogramu 1,000: watoto 3, 4, mahali pengine hakuna kitu.

Nilipomaliza nikafanya ambacho mikono imezoea kufanya baada ya kuhesabu. Nikamimina watoto wote kwenye ndoo ya taka, nikasafisha meza, nikamwandikia Profesa ujumbe wa furaha wenye jedwali.

Siku ya 10

Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Vizuri. Na madume ni wangapi?"

Nilikwenda ofisini kwake badala ya kuandika. "Profesa, samahani sana. Niliwahesabu tu. Nimeshawamwaga."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwenye jedwali lako mama wa nanogramu 100 ana watoto 8. Wakiwa madume wote, wiki ijayo nani atataga?"

Sikuwa na la kujibu. Hilo ndilo kosa ambalo jaribio lenyewe linakualika ulifanye. Kuhesabu watoto ndiyo kazi kuu ya mwongozo, na kutambua jinsia yao kumewekwa kwenye kiambatisho, kwa ajili ya kemikali zinazoshukiwa kuiga homoni hii. Mtu akipima dawa asiyoishuku, atahesabu kama nilivyohesabu mimi, atapata 8 kwa 9, ataandika "hakuna athari" na dhamiri yake itakuwa safi.

Siku ya 12

Kundi la pili la watoto. Leo hakuna kilichomwagwa kabla ya kupita chini ya hadubini.

Unamnyonya mtoto na tone la maji, unamweka kwenye sahani ya kioo, unanyonya maji mpaka abaki na utando tu wa kumzuia asikimbie. Analala ubavu. Kisha unatafuta mbele ya kichwa, chini ya kile kinachofanana na mdomo wa ndege. Jike ana vipapasio vya kwanza vifupi mno, vijinundu viwili vya kutafuta kwa subira. Dume hana haja ya kutafutwa: vipapasio vimejitokeza mbele kama masharubu mawili magumu. Watoto 20 wa mwanzo nilitumia dakika 2 kwa kila mmoja na kila mara nikawa na wasiwasi. Kufikia wa 100 jicho lilikuwa limeshajua kabla sijamwuliza.

Nanogramu 1,000: madume watupu, hao wachache waliopo. Nanogramu 320: madume, na jike 1 hapa na pale. Nanogramu 100: karibu nusu kwa nusu. Nanogramu 10 na 32: majike. Maji matupu na asetoni: majike, wote, bila hata mmoja wa kutia shaka.

Nikarudi kulitazama jedwali langu la siku ya 9. Ile safu ya nanogramu 100, iliyoonekana nzima kabisa, ndiyo ninayoitazama sasa kuliko zote.

Siku ya 15

Kuna madume kwenye maji matupu.

Naandika haya jioni, nikiwa nimeshawatazama watoto hao mara tatu nikitumaini nimekosea. Vikombe 1 mpaka 6 vya maji matupu vina madume, tena wengi. Vikombe 7 mpaka 10 vina majike watupu. Kundi la asetoni ni safi.

Mshukiwa wa kwanza ni taa, kwa sababu siku fupi huleta madume. Nikaangalia saa ya taa: iko sawa, na isitoshe taa inawamulika wote 10, haiwezi kuchagua 6. Chakula? Wote walipewa kutoka chupa moja. Msongamano? Kila mmoja anaishi peke yake. Mzee wetu, fundi wa maabara, alisimama nyuma yangu kimya kwa muda, kisha akasema, "Hao sita wamefanyiwa nini ambacho wale wanne hawakufanyiwa?"

Nikafungua daftari.

Hesabu ni hii, na inafaa kuieleza polepole. Watoto waliotoka leo walikuwa mayai yaliyoingia kwenye kifuko siku ya 12. Jinsia ya yai huamuliwa likiwa bado ndani ya ovari, saa chache kabla halijatagwa. Likishaingia kifukoni, hata uliogeshe kwenye dawa, lililo jike linabaki jike. Kwa hiyo kilichowapata mama hawa kiliwapata kabla ya siku ya 12, na si mapema sana, kwa kuwa watoto wa siku ya 12 walikuwa majike wote. Siku ya 11 nilibadilisha maji. Ilikuwa Ijumaa jioni. Mwandiko wangu wa siku hiyo unasema: "Chupa ya kioo haitoshi. Vikombe 1–6 nimetumia jagi."

Jagi la plastiki. Lile ambalo Jumatano yake nilichanganyia nanogramu 1,000. Nililiosha, nakumbuka vizuri kwamba nililiosha, kwa maji mengi, mara tatu.

Siku ya 16

Sikulala vizuri, ila nililala na kisa kimoja kichwani, na leo nimemsimulia Mzee tukiwa tunasubiri maji yapoe.

Miaka ya 1960 mtafiti wa wadudu Karel Sláma alitoka Prague kwenda Chuo Kikuu cha Harvard kwa mtafiti mwenzake Carroll Williams, akiwa na kunguni wake wekundu aliowafuga miaka mingi bila matatizo. Walipofika Marekani wakakataa kukomaa. Badala ya kuwa wadudu wazima waligeuka watoto wakubwa zaidi, wakafa hivyo. Wakashuku chakula, maji, kila kitu, mpaka wakafika kwenye vipande vya karatasi vilivyowekwa ndani ya vyombo vya kufugia. Karatasi za Marekani zilileta ugonjwa, magazeti yaliyochapishwa London hayakuwa na neno. Miti iliyosagwa kutengeneza karatasi za Marekani ilikuwa na kemikali inayoiga homoni ya utoto. Mnamo 1966 ikatambuliwa na kupewa jina, juvabioni. Mti ulikuwa umeitengeneza dawa hiyo zamani, kabla mwanadamu hajaota kuiuza.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo jagi lako ni karatasi yao."

Ndivyo. Piriproksifeni haipendi maji. Ukiilazimisha, inayeyuka chini ya nusu miligramu kwa lita, na ikipata mafuta au plastiki inajibanza humo. Kuosha kwa maji ni kuosha sahani ya mafuta bila sabuni: unaondoka ukidhani umemaliza. Jagi lilikunywa dawa Jumatano na likaitoa polepole Ijumaa.

Lakini hiyo bado ni dhana. Mzee tena: "Mwulize jagi."

Siku ya 17

Nimemwuliza. Jagi limejazwa maji safi jana na kukaa nalo usiku kucha. Pembeni yake bika la kioo, limesuguliwa kwa asetoni, nalo lina maji yale yale. Kutoka kwenye hodhi la kufugia nimechagua mama 10 wenye watoto walio karibu kutoka. Unawajua kwa macho meusi ya vijusi yanayoonekana ndani ya kifuko cha mama. Watano kwenye maji ya jagi, watano kwenye maji ya bika.

Kama dhana ni sahihi, kundi la kwanza la watoto litakuwa majike pande zote, maana hao walishaamuliwa. Tofauti ije kwenye kundi litakalofuata.

Siku ya 18

Wamezaa wote 10. Majike pande zote mbili. Mwenzangu wa meza ya pili akasema, "Basi jagi halina kesi." Nikamwambia asubiri siku tatu.

Siku ya 21

Bika: majike. Jagi: madume, karibu wote, kwa mama wote 5.

Nilimwita Mzee, nikamwita na mwenzangu, kila mmoja akainama kwenye hadubini kwa zamu. Masharubu mawili, wazi kabisa. Jagi tupu, lililooshwa mara tatu, limezaa madume. Sikujua kama nifurahi au nihuzunike, kwa kuwa leo hii hii jaribio la kwanza limefika mwisho na siwezi kulitumia. Masharti ya mwongozo kuhusu maji matupu limeyatimiza vizuri, hakuna mama aliyekufa na wastani umepita watoto 60 kwa kila mama. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu na kusema "maji matupu" huku vikombe 6 kati ya 10 vilikuwa na dawa nisiyojua kipimo chake.

Profesa alisema tuandike jagi kwenye ripoti, kurasa zake kamili, kisha turudie. "Umepata kipima-dawa cha bei nafuu," akaongeza. Kweli, mashine ya kemia ingehitaji sampuli iliyoandaliwa vizuri ili ione kiasi hicho. Mama wa kiroboto wa maji alikiona bila kuombwa, ila jibu lake linachelewa siku tatu.

Mzunguko wa pili, siku ya 0

Kioo kila mahali. Kila kipimo kina bika lake, lenye rangi yake ya utepe. Pipeti za kioo zenye mdomo mpana, moja kwa kila kundi. Kazi inaanzia maji matupu kwenda juu, kamwe si kinyume chake. Vyombo vinasuuzwa kwa asetoni kabla ya sabuni. Na safari hii sampuli za maji zinakwenda kupimwa, yale mapya na yale ya baada ya siku 2, kwa sababu nilichoandika kwenye utepe na kilichomo kikombeni huenda havifanani.

Siku ya 9 hadi ya 15

Sina la kusimulia zaidi ya uchovu wa shingo. Kila mtoto amepita chini ya hadubini. Maji matupu na asetoni: majike tu, makundi yote matatu ya watoto. Kikombe kimoja cha asetoni kimemwagika, hayo ndiyo yote.

Siku ya 16

Majibu ya kemia yamekuja. Vikombe vina dawa pungufu ya nilichoandika hata maji yakiwa mapya, na baada ya siku 2 imebaki chini ya nusu. Nyingine imeganda kwenye kioo (nacho si mtakatifu), nyingine imeliwa pamoja na mwani. Kwa hiyo kila namba ninayoitaja hapa ni ya kutiwa, na mama halisi aliishi ndani ya pungufu. Maana yake ni kwamba wana wepesi wa kuhisi kuliko jedwali langu linavyodai.

Siku ya 21

Mwisho wa siku 21, na sasa ninaweza kusema.

Nanogramu 10 na 32: watoto kamili, majike. Nanogramu 1,000: watoto wachache, madume watupu, na baadhi ya mayai yalioza ndani ya kifuko. Pande hizo mbili hazina mjadala. Hata anayehesabu tu angeziona.

Nanogramu 100 ndipo nilipotaka kufika. Jumla ya watoto kwa mama inakaribiana na ile ya maji matupu, tofauti ambayo takwimu zinaikataa. Katika hao, wanaokaribia nusu ni madume. Ukiweka hesabu kwa mabinti badala ya watoto, mama huyu amepoteza karibu nusu ya uzao wake, na hakuna kikombe kilichoonekana kuwa na shida. Mama alikuwa mnene, mchangamfu, utumbo kijani. Ungepita mbele ya rafu ungemchagua yeye kuwa mzima.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Katika hali ya kawaida madume hufuatwa na majike wanaotengeneza yale mayai ya ganda la tandiko, na ukoo hupata akiba kwenye tope. Kwenye vikombe vyangu vya dawa sijaona ganda hata moja. Olmstead na LeBlanc walikwisha kuandika kwamba methili fanesoati, homoni ambayo dawa hii inaiiga, ikitiwa majini hutenganisha mambo hayo mawili: inaleta madume bila kuleta majike wa kuwapokea. Mama ameambiwa kuna hatari, amejibu nusu, na ile nusu yenye faida haikufika.

Na kuhusu jinsi dawa inavyofika huko ndani, kufuli lenyewe limeshajulikana. Tangu 2013 kuna ushahidi kwamba protini iitwayo Met, ikiungana na mwenzake, ndiyo inayoipokea homoni hii kwa Daphnia kama inavyoipokea kwa wadudu. Chini zaidi kuna jeni la dsx1; watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2011 kwamba ukilizima ndani ya kijusi cha dume, anachukua sura ya jike. Ningependa kulipima kwenye vijusi vyangu vya nanogramu 100, hasa wale majike waliozaliwa tumbo moja na madume. Kwa nini hawa na si wale? Mama mmoja, maji mamoja, saa ile ile. Profesa anasema hilo ni swali la mtu mwenye bajeti.

Siku ya 21, jioni

Kabla ya kumwaga vikombe nimeokoa mama 5 wa nanogramu 320, nikawasuuza na kuwahamishia kwenye maji safi ndani ya kioo. Wana mayai mapya vifukoni, yametagwa leo asubuhi. Nataka kuona kama wamefungiwa humo moja kwa moja.

Siku ya 24

Madume. Nilitegemea. Hao waliamuliwa kabla sijawahamisha.

Mwenzangu alitaka nikate tamaa hapo. Nimemkumbusha jagi.

Wakati nasubiri nimekuwa nikiwaza juu ya wanaochota sampuli kwenye mito na madimbwi. Mlango huu hufunguka saa chache tu katika kila siku 3. Dawa ikipita na maji ya mvua kwa siku 1, ikazama kwenye tope na kupotea, anayechota kila wiki anaweza kukuta maji safi na viroboto wazima wenye mayai tele. Madume watatoka baadaye, na atakayewaona atasema msimu umebadilika. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningewatazama watoto kabla ya kuyapima maji.

Siku ya 27

Mama 4 kati ya 5 wamezaa. Nimewatazama watoto 31. Vijinundu viwili, vifupi, vya kutafuta, kwa kila mmoja: majike. Wa tano ana mayai yanayoonekana kuwa na afya, nitamwangalia kesho.

Jagi liko rafu ya juu. Mzee amelibandika karatasi: LISITIWE MAJI. Wiki ijayo fenoksikabu inaingia, na nimeshaagiza bika 7 za ziada.